LESENI NA KODI ZA MAGARI: TEKSI NA MOTOKAA YA MTU BINAFSI

Mtu asimamaye alfajiri kando ya barabara ya Namanga, katika mji wa Kitengela, huona magari ya namna mbili yakichukua watu waendao Nairobi. Namna ya kwanza ni matatu na teksi zenye leseni ya kubeba abiria. Namna ya pili ni motokaa za watu binafsi, ambao huenda kazini na kuwapakia wenzao wawili watatu njiani ili kupata fedha za mafuta. Nauli huweza kuwa sawa, na pengine kiti cha motokaa ni kizuri zaidi. Lakini mbele ya sheria magari hayo hayafanani, na tofauti yake huonekana wazi siku ya ajali.

Jambo hili lawahusu watu wengi. Kitengela, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 30 kusini ya Nairobi, ulihesabiwa mwaka 2019 kuwa na watu zaidi ya 150,000, na wengi wao hutafuta riziki nje ya mji. Barabara hiyo hiyo huendelea kupita Isinya mpaka Kajiado, makao makuu ya kaunti, nako pia watu hutegemea magari ya kulipia.

Sheria Yasemaje

Sheria ya Trafiki ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Sheria hiyo haitazami uzuri wa gari wala ukubwa wake, bali kazi lifanyayo. Gari likitafuta abiria kwa malipo huhesabiwa kuwa gari la abiria, hata kama mwenyewe aliliandikisha kuwa lake binafsi. Basi mtu atozaye nauli bila leseni hapati kinga kwa kusema kwamba alikuwa akiwasaidia jirani zake.

Leseni ya kubeba abiria hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iitwayo NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mwenye teksi hana budi kulipeleka gari lake likaguliwe kila mwaka, kulikatia bima ya abiria, na kumweka dereva mwenye leseni ya kazi hiyo pamoja na beji. Teksi ziitwazo kwa simu nazo hazimo nje ya sheria. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2022, na kampuni yenye programu haina ruhusa kumkata dereva zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Mwenye matatu ana sharti jingine: kwa kanuni za mwaka 2014 yapasa awe katika chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30.

Kodi ya Gari la Abiria

Zaidi ya leseni, ipo kodi ya mapato inayolipwa mbele kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kiwango cha shilingi 100 kwa kila abiria awezaye kubebwa, kwa kila mwezi, au shilingi 5,000 kwa mwaka; katika hesabu hizo mbili hulipwa ile iliyo kubwa. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa shilingi 60 kwa mwezi, au 2,400 kwa mwaka.

Kwa mfano, matatu ya abiria 14 ilikuwa ikilipa shilingi 10,080 kwa mwaka, na kwa kiwango kipya ni 16,800. Kwa teksi ya abiria wanne, hesabu ya viti ni shilingi 4,800. Na kwa kuwa hazifiki 5,000, mwenyewe hulipa 5,000.

Liko neno moja ambalo wenye teksi wengi hawalijui. Fedha hizo si kodi juu ya kodi. Mwisho wa mwaka, mwenye gari atoapo hesabu ya mapato yake, kiasi alichokwisha kulipa hupunguzwa katika kodi anayodaiwa. Kwa hiyo yafaa risiti itunzwe vema, maana atupaye risiti aweza kulipa mara mbili.

Kodi ya Motokaa ya Binafsi

Mwenye motokaa ya binafsi halipi kodi hiyo. Yeye hulipa ushuru mwingi gari linapoingia nchini, kisha hulipa kidogo kidogo kila atiapo mafuta. Tozo ya kutunza barabara, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1993, ilipandishwa mwezi Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Atiaye lita 20 kwa kiwango hicho hutoa shilingi 500 kwa ajili ya barabara. Mwenye teksi naye huitoa tozo hiyo, tena zaidi, kwa kuwa gari lake hutembea kutwa.

Mwaka 2024 palikuwa na shauri la kutoza kila gari asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka, zisipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, nazo zilipwe pamoja na bima. Gari la thamani ya shilingi 800,000 lingelipa 20,000. Watu wengi walilikataa shauri hilo, na tarehe 18 Juni 2024 ikatangazwa kwamba limeondolewa. Siku chache baadaye, kufuatia maandamano makubwa katika miji mingi, Mswada wa Fedha wote ulirudishwa bila kutiwa sahihi.

Malalamiko ya Pande Mbili

Dereva wa teksi husema kwamba yeye hulipia leseni, ukaguzi, bima, kodi ya mbele na ada ya kuegesha ya kaunti, kisha mwenye motokaa humchukulia abiria bila kulipia hata kimoja. Mwenye motokaa naye husema kwamba mafuta ni ghali na asubuhi abiria ni wengi kuliko matatu. Ugomvi huu si mpya. Matatu zenyewe zilianza bila leseni; mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe watu hivyo hivyo, na ni mwaka 1984 tu sheria ilipozitaka zipate leseni.

Siku ya Ajali

Hapa ndipo penye hatari. Sheria ya bima yamlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kuwalinda watu wengine barabarani. Lakini haimlazimishi mwenye motokaa ya binafsi kuwakatia bima wale waliomo ndani ya gari lake. Sharti hilo huwafunga wabebao watu kwa malipo. Tena hati ya bima ya binafsi kwa kawaida hukataza kutoza nauli. Ajali ikitokea, kampuni ya bima huweza kukataa dai, na abiria aliyevunjika mguu akabaki kumdai dereva ambaye pengine hana kitu ila gari lililoharibika.

Yuko na mtu wa tatu awezaye kuumia, naye ni yule aliyeuza gari lake bila kubadilisha jina katika hati ya umiliki. Sheria humhesabu mtu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mnunuzi haruhusiwi kulitumia barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya kuandikishwa. Gari likigeuzwa teksi ya siri huko Kajiado na kumgonga mtu, barua ya madai itamfikia muuzaji kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, auzaye gari na abadilishe jina siku ile ile. Atakaye kutoza nauli na apate leseni na bima ya abiria kwanza. Na abiria, kabla ya kuketi, na atazame cheti cha bima kilichobandikwa kiooni kama chasema kwamba gari ni la abiria. Kutazama huko hakuna malipo.