Fungua Nati Kabla ya Kusukuma Pistoni

Barabara ya kutoka Wundanyi hadi Mwatate ni mteremko wa kona kali, na gari lililojaza abiria huishuka breki zikiwa kazini karibu muda wote. Ndiyo maana kubadilisha pedi ni kazi ya kawaida hapa. Kadiri pedi inavyolika, pistoni ya kalipa husogea mbele kuifuata, na mafuta hushuka kutoka kwenye kopo lake kujaza nafasi iliyobaki nyuma. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni lazima irudi. Mafundi wengi huibana kwa klampu tu, mafuta yakarudi juu yalikotoka. Mimi nashikilia kwamba, mafuta yakiwa ya zamani, nati ya kutolea hewa ifunguliwe kwanza, ivishwe mpira unaoingia kwenye chupa, ili yanayosukumwa yatoke kabisa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 3 mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishabeba maji ya takriban asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika: mguu unazama na gari haliitiki. Mafuta yaliyo nyuma ya pistoni ndiyo yanayopata joto kuliko yote. Kuyarudisha juu ni kuyachanganya na yaliyo safi, na kwenye gari lenye ABS uchafu wake unaweza kufika kwenye vali nyembamba.

Atakayepinga atasema vitabu vya watengenezaji wengi huagiza kusukuma tu. Ni kweli, ila vitabu hivyohivyo huagiza mafuta yabadilishwe kwa wakati. Gari lililonunuliwa mtumba, nani ana kumbukumbu zake? Hoja ya hewa kuingia ina uzito zaidi. Jibu lake ni kuendelea kuibana pistoni nati ikiwa wazi, na kuifunga kabla ya kulegeza klampu. Nati iliyoshikwa na kutu isilazimishwe, itakatika. Hapo afadhali kupunguza mafuta ya kwenye kopo kwa bomba la sindano, kisha kusukuma polepole. Ni njia ya pili kwa ubora, na angalau kopo halitafurika na kuharibu rangi ya gari.

Probox nyuma ina breki za ngoma, kwa hiyo haya yote ni ya magurudumu ya mbele. Golf yenye diski nyuma ni habari nyingine: mara nyingi hendibreki imo ndani ya kalipa, na pistoni huzungushwa huku ikisukumwa. Ukiilazimisha kwa klampu utavunja kifaa cha ndani. Kwa gari lolote, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gurudumu halijasogea, kwani pistoni iliyorudishwa bado haijagusa pedi, na mkanyago wa kwanza utafika sakafuni.