Huduma za muvi zimeongezeka, mbona bili haishuki?

Juzi mimi na mwenzangu wa chumbani tulitaka kuangalia muvi moja tu. Kwenye huduma ninayolipia mimi, haipo. Kwenye anayolipia yeye, haipo. Kumbe ipo kwenye ya tatu, nayo inataka tulipie mwezi mzima. Tukazima kompyuta, tukalala.

Najua na wewe yamekukuta. Sasa, shuleni tulifundishwa kwamba wauzaji wakiwa wengi bei inashuka. Ukiona nyanya ni ghali kwenye meza hii, unahamia meza ya jirani. Mbona kwenye muvi wauzaji wameongezeka na sisi tunazidi kutoa hela?

Tuanze na muziki. Fungua Spotify au Apple Music: nyimbo nyingi utakazotafuta utazikuta kote. Wachumi huziita bidhaa mbadala, yaani ukiwa na moja, ya pili huihitaji. Mmoja akipandisha bei unahama, na nyimbo zako unazikuta huko uendako.

Muvi zimekwenda njia nyingine. Netflix ilianza kuonyesha muvi kwa intaneti mwaka 2007, na kwa miaka mingi ilikodi kazi za studio nyingi tofauti. Baadaye wenye kazi wakaamua kufungua maduka yao wenyewe. Disney+ ilianza Novemba 2019. Tamthilia ya Friends ilitoka Netflix ya Marekani mwaka huo ulipoisha, ikaenda HBO Max iliyofunguliwa Mei 2020. Januari 2021 The Office nayo ikahamia Peacock. Mmarekani aliyekuwa akiziona zote mbili kwa bili moja, sasa akawa anahitaji bili mbili. Tamthilia ni zilezile.

Umeona tofauti? Hawa si wauzaji wengi wa kitu kimoja. Kila mmoja ni muuzaji pekee wa alichonacho. Ni soko ambalo nyanya anazo huyu, vitunguu anavyo yule, na wewe unataka kupika mchuzi. Wingi wa meza haukusaidii chochote.

Tena hali inaweza kuwa mbaya kuliko kuwa na mwenye soko mmoja tu. Jambo hili alilionyesha kwa hesabu Mfaransa Antoine Augustin Cournot mwaka 1838. Hebu tuirahisishe kwa mfano wa barabara.

Tuseme barabara ikiwa bure yanapita magari 1,200 kwa siku, na ada ikipanda kwa shilingi 100, magari 10 yanaacha kupita. Kama barabara ina mwenyewe mmoja, bei inayomlipa zaidi ni shilingi 6,000. Yatapita magari 600, naye atapata milioni 3.6.

Sasa weka mageti mawili, kila geti na mwenyewe. Wakikubaliana kutoza 3,000 kila mmoja, wote wanapata milioni 1.8. Lakini mmoja akipandisha hadi 4,000 kimyakimya, magari yanabaki 500: yeye anapata milioni 2, mwenzake anashuka hadi milioni 1.5. Hasara ya jirani haimhusu, kwa hiyo anapandisha. Jirani naye anapandisha. Wanaishia 4,000 kwa 4,000. Wewe dereva unalipa 8,000 badala ya 6,000, magari yanabaki 400, na kila mwenye geti anapata milioni 1.6 tu. Wote wamepoteza!

Mageti haya yamewahi kuonekana kwenye mpira. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza mwaka 1992, mechi zote za moja kwa moja zilikuwa Sky. Tume ya Ulaya ikataka haki hizo zisishikwe na kampuni moja, ili kuwe na ushindani. Kuanzia msimu wa 2007 Setanta ikapata sehemu ya mechi. Nia ilikuwa njema, ila mechi zenyewe ziligawanywa: ya Sky huioni Setanta, ya Setanta huioni Sky. Shabiki aliyetaka zote akawa na bili mbili.

Ndiyo maana yule kijana anayekujazia muvi kwenye flashi bado ana wateja. Tunasema watu wanamfuata kwa sababu ni rahisi, na ni kweli, lakini pia kwake hakuna mageti. Hakuulizi muvi ni ya studio gani. Ubaya ni kwamba aliyeitengeneza hapati hata senti.

Sisi tufanyeje? Kwa tamthilia, lipia huduma moja kwa mwezi, maliza unachotaka, sitisha, kisha hamia nyingine. Sizoni haiozi kama nyanya. Kwa mpira mbinu hii haifai, maana mechi ya Jumamosi haikusubiri.

Ila dawa ya kudumu iko kwenye haki. Siku nyingine ukisikia huduma mpya imezinduliwa na watu wanashangilia ushindani, uliza swali moja: inauza walichonacho wengine kwa bei nafuu, au imekuja na geti lake?