Presha ya macho: Je, ni ugonjwa wa kurithi?

Mtoto mchanga mwenye macho makubwa husifiwa na kila anayekuja kumtazama. Lakini ukiona macho hayo yanatiririka machozi kila mara, mtoto anaukimbia mwanga kwa kuficha uso, na sehemu ya mbele ya jicho imefanya ukungu, usiendelee kuyasifu. Mpeleke hospitalini mara moja. Huenda ana glakoma, maradhi ambayo wengi wetu huyaita presha ya macho.

Ndani ya jicho mna maji safi yanayotengenezwa mchana na usiku. Maji hayo hutoka kupitia kichujio chembamba sana. Kichujio kisipofanya kazi vyema, maji hujaa na presha hupanda, kisha mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huharibika polepole. Jicho la mtoto mchanga bado ni laini, kwa hiyo hutanuka. La mtu mzima halitanuki wala, mara nyingi, haliumi. Mgonjwa hupoteza uwezo wa kuona kandokando bila kujua.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Glakoma si hivyo. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Vimeng'enya na jeni

Je, hutoka wapi? Mwili una vimeng'enya vya aina nyingi. Baadhi yavyo kazi yao ni kuvunjavunja vitu vyenye sumu, kama vile vilivyomo katika moshi, ili vitolewe mwilini. Vimo kwa wingi kwenye ini, na hata katika jicho vimo. Maagizo ya kutengeneza kila kimeng'enya yamo katika jeni, nasi kwa kawaida hurithi nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama.

Mnamo 1997, watafiti waliochunguza familia za Uturuki waligundua kuwa jeni iitwayo CYP1B1, ambayo ni ya kimeng'enya cha jamii hii, inapoharibika nakala zote mbili mtoto anaweza kupata glakoma akingali mchanga, kwa kuwa kichujio hakikuumbika sawasawa. Wazazi wenye nakala moja mbovu kila mmoja huwa hawana dalili yoyote. Hata hivyo, kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye nakala zote mbili mbovu.

Kwa hivyo, hii si laana, wala si kosa la mama. Hatari huongezeka pale watu wa ukoo mmoja wanapooana. Nchini Saudi Arabia, ambako ndoa za binamu ni za kawaida, glakoma hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,500. Katika nchi za Magharibi ni takriban 1 kati ya 10,000.

Kwa watu wazima mambo si wazi hivyo. Kuna jeni nyingine ya kuondoa sumu, GSTM1, ambayo watu wengi duniani huzaliwa bila kuwa nayo na wakaishi salama. Mwaka wa 2000, watafiti nchini Estonia waliripoti kuwa glakoma ilionekana zaidi kwa wale walio nayo. Kwingineko wengine walipata kinyume, na wengine hawakuona tofauti yoyote. Basi usipoteze pesa zako kupima jeni hii, wala kununua dawa za "kusafisha sumu" ukidhani zitayalinda macho yako.

Ufanye nini?

Kinachokufaa zaidi ni kuijua historia ya jamaa yako. Ikiwa mzazi, kaka au dada yako ana glakoma, hatari yako ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mwingine. Isitoshe, sisi watu weusi hupatwa zaidi na aina ya kawaida ya ugonjwa huu, na mapema zaidi. Ukifika miaka 40, kapimwe presha ya macho na mshipa wa jicho hata kama unaona vizuri. Mwenye jamaa mgonjwa aende mapema zaidi.

Usijinunulie dawa za matone ovyo. Zile zenye steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho.

Mtoto mchanga hufanyiwa upasuaji, na akiwahiwa anaweza kuokolewa asipofuke. Mtu mzima hupewa matone ya kutia kila siku, au hutibiwa kwa miale ya leza au upasuaji. Usiyaache matone kwa sababu huoni nafuu. Kazi yake ni kuhifadhi macho uliyobaki nayo.

Na ikiwa tayari unatibiwa glakoma, usikae kimya. Waambie ndugu zako na watoto wako leo, waende wakapimwe.