Madarasa ya Maandalizi katika Vyuo vya Marekani

Katika vyuo vya jamii vya Marekani, ambavyo humpokea karibu kila atakaye kusoma, walimu wa insha na hesabu hawakomi kujadiliana juu ya suala moja: afanyiwe nini mwanafunzi aliyekwisha andikishwa, ilhali kutunga aya iliyonyooka au kujumlisha sehemu kwamshinda? Kwa muda mrefu jawabu lilikuwa kumpa mtihani, na akishindwa apelekwe madarasa ya maandalizi, aghalabu mawili au matatu yenye kufuatana, ambayo huyalipia karo lakini hayahesabiwi katika shahada yake. Na wengi walikata tamaa au kuishiwa fedha kabla hawajalifikia somo lenyewe.

Si kwamba walimu hao walikosa huruma. Mina Shaughnessy wa City College, New York, alisoma insha kama 4,000 za wanafunzi wa namna hiyo, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1977 akabainisha kuwa makosa yao hayakutokana na uvivu, bali yana mantiki yake, ambayo mwalimu mwenye subira aweza kuitambua.

Mwaka 2007, walimu wa Community College of Baltimore County waliigeuza kawaida ile. Wanafunzi 8 waliohesabiwa kuwa dhaifu waliketishwa pamoja na wenzao 12 katika darasa halisi la insha, kisha kipindi kilipokwisha wakabaki na mwalimu yuleyule kwa kipindi kingine, wakauliza yale ambayo mtu huona haya kuyauliza mbele ya wengi. Kwa upande wa hesabu, jaribio la Chuo Kikuu cha Jiji la New York lilionyesha kuwa waliotiwa moja kwa moja katika somo la takwimu, wakasaidiwa kila juma, walifaulu 56 katika kila 100, hali wenzao wa aljebra ya maandalizi walifaulu 39. California nayo, kwa sheria ya mwaka 2017, ikavikataza vyuo vyake kumlazimisha mwanafunzi maandalizi pasi na hoja madhubuti.

Hata hivyo, wapo walimu wanaouliza, na swali lao lina uzito, itakuwaje kwa mtu mzima aliyeiacha skuli miaka mingi, ambaye hata jedwali la kuzidisha limemtoka. Huyo hasaidiwi kwa kufutiwa darasa tu. Kilichowafaa wenzake ni kile kipindi cha ziada na mwalimu aliyelipwa kukifundisha, na chuo kisichokuwa tayari kukigharimia hakina haki ya kujisifu kwamba kimefanya mageuzi.