Je, Wajua? Masizi ya Jiko ni Rangi Tosha

Je, wajua kwamba masizi, haya haya yanayoganda kwenye kitako cha sufuria, yalimtosha mtu mmoja kuchora maisha yake yote?

James Castle alizaliwa mwaka 1899 huko Garden Valley, bonde la jimbo la Idaho, Marekani. Alizaliwa kiziwi, hakuwahi kusema, na hata shule ya viziwi aliyopelekwa kwa miaka michache haikumwachia kusoma wala kuandika. Wazazi wake waliendesha posta na duka palepale nyumbani, kwa hiyo takataka za nyumba ile zilikuwa karatasi tupu: bahasha, pakiti za sigara, karatasi za kufungia bidhaa. Castle alikwangua masizi ya jiko la kuni, akayatemea mate, akachonga kijiti ncha, akaanza. Alichora mabanda, nyua, chumba chenye kitanda na mlango uliofunguliwa nusu. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni picha za kamera ya zamani zilizopauka. Akitaka rangi, aliloweka karatasi za rangi za mapambo akakamua maji yake. Jamaa zake walimpa vifaa vya dukani. Akaendelea na masizi yake hadi alipofariki mwaka 1977.

Watu wa aina ya Castle wana jina lao. Mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet, mwaka 1945, aliiita kazi yao sanaa ghafi, kwa maana ya ghafi ile ile ya sukari ambayo haijapita kiwandani. Mwaka 1972 Mwingereza Roger Cardinal akaandika kitabu juu yao na kuwaita wasanii wa nje: nje ya shule za sanaa, nje ya maonyesho, nje ya soko. Wengi walikuwa wagonjwa waliofungiwa hospitalini, watumishi wa majumbani, wazee wasio na kazi, mafundi. Dubuffet aliwakusanyia picha zao hadi zikapata makumbusho yao mjini Lausanne, Uswisi, yaliyofunguliwa mwaka 1976.

Kichekesho ni kwamba siku hizi wako walimu wanaowafundisha watoto kuchora kama watu ambao hawakufundishwa na mtu.

Je, wajua kuhusu mzee aliyekataa boksi safi?

Bill Traylor alizaliwa mtumwa katika shamba moja la Alabama, karibu mwaka 1853. Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita shambani. Mwaka 1939, akiwa na miaka zaidi ya 80, alionekana kwenye Mtaa wa Monroe mjini Montgomery, amekaa na kipande cha boksi mapajani, kijiti kilichonyooka mkononi badala ya rula. Kijana mmoja mchoraji, Charles Shannon, akasimama kumtazama. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Baadaye akamletea rangi na mabodi mapya, meupe pee.

Rangi mzee alizichukua. Mabodi akayaweka pembeni mpaka yachakae kidogo, au kama Shannon alivyolieleza jambo hilo, mpaka yaive. Alichopenda ni boksi lenye doa, lenye pembe iliyochanika, lenye tundu. Nami namwelewa. Karatasi nyeupe inakutazama tu kama mwalimu wa zamu. Boksi lililochakaa lina mkunjo hapa na alama ya gundi pale, na tayari mkono una pa kuanzia. Traylor alitengeneza maumbo yake hivi: mstatili wa kiwiliwili kwanza, kisha miguu, shingo, kichwa, halafu anajaza ndani rangi moja nzito. Mbwa anayenguruma, mwanamke mwenye mwavuli, mlevi na chupa yake. Nyuma yao hakuna nyasi wala jua, nafasi tupu tu. Kwa miaka isiyozidi minne alichora picha zaidi ya 1,000. Boksi lake moja, lililochorwa pande zote mbili, liliuzwa New York mwaka 2020 kwa zaidi ya dola 500,000.

Somo la Traylor ni maarufu kwa walimu kwa sababu linaelezeka: mstatili, miguu, rangi moja, basi. Mwalimu mvivu huwagawia watoto karatasi nyeupe na mbwa wa kunakili. Hapo amefundisha mbwa, Traylor hajamgusa.

Je, wajua mgao wa penseli wa Adolf Wölfli? Mgonjwa huyu wa hospitali ya akili ya Waldau, karibu na mji wa Bern, alipewa penseli moja na karatasi mbili kubwa kila Jumatatu. Penseli iliisha katika siku mbili. Siku zilizobaki alichora kwa vipande vya penseli alivyovihifadhi au alivyoombaomba, vifupi kama punje ya mahindi. Daktari wake, Walter Morgenthaler, aliyaandika hayo kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1921. Wölfli aliacha kurasa zipatazo 25,000.

Na gundi je? Martín Ramírez, mhamiaji kutoka Meksiko aliyeishi miongo mitatu katika hospitali za akili za California, aliunga vipande vya karatasi kwa viazi vilivyopondwa na mate mpaka akapata karatasi kubwa kuliko mtu. Mtoto wa Uswahilini aliyewahi kubandika tiara kwa punje za wali hatashangaa.

Clementine Hunter tusimpite haraka. Alikuwa kibarua wa shamba la Melrose, Louisiana, kisha mpishi na mfuaji katika nyumba kubwa ya shamba hilo. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa amepita miaka 50 alipoanza kuchora kwa rangi zilizosahauliwa na mgeni mmoja mchoraji. Hakuwa na kitambaa, akachorea pazia la kukunja la dirishani. Alichora anachokijua: kuvuna pamba, kuanika nguo, ubatizo mtoni, mazishi. Kuku wake wakati mwingine ni wakubwa kama farasi. Katika miaka ya 1950 picha zake zilionyeshwa chuoni karibu na kwao, na kwa sababu alikuwa mweusi hakuruhusiwa kuingia pamoja na watazamaji weupe. Ilibidi rafiki ampenyeze ndani milango ikiwa imefungwa, ili azione picha zake mwenyewe. Alifariki tarehe 1 Januari 1988 akiwa na miaka 101.

Je, wajua kwamba Lubumbashi iliwahi kuwa na shule ya sanaa ambayo mwalimu wake alikataa kufundisha? Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hakuwaonyesha vijana wake picha za Ulaya wala hakuwapa kitu cha kunakili. Alitaka kila mmoja atoe kilicho kichwani mwake. Bela, aliyekuwa mtumishi wake, alipaka rangi kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa vistari vifupi. Pilipili Mulongoy, ambaye jina lake Mswahili yeyote anaweza kulionja, alichora samaki, ndege na nyoka waliopangwa kama kitenge. Watatu chini ya paa moja, na huwezi kuchanganya kazi zao. Kasoro yake naiona: mgeni ndiye aliyeamua Mwafrika aone nini na asione nini, na zama zile za ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Lakini kwenye swali la mkono wa mwanafunzi, alifaulu.

Tingatinga alikwenda njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alijifunza mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli na vipande vya mraba vya mbao za dari. Alichora miaka kama minne hivi, akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo, na leo mtoto wa shule ya msingi akiambiwa achore Tingatinga anajua la kufanya: twiga, madoa, mti. Mtindo umelisha familia nyingi na siudharau. Ila mtoto anapewa twiga wa Tingatinga. Ule ujasiri wa kuokota kipande cha dari na kukipaka rangi ya baiskeli, hapewi.

Kenya nako yupo Sane Wadu, aliyeacha kazi ya ualimu akachore. Watu wakasema amerukwa na akili. Naye akajibatiza Sane, neno ambalo kwa Kiingereza ni mwenye akili timamu.

Jumamosi moja niliwajaribu watoto watatu wa dada yangu, mkubwa ana miaka tisa. Niliwapa boksi la biskuti lililochanwa, masizi kwenye kisosi, maji matone mawili (mate niliwakataza, mama yao angenila nyama) na njiti za mshikaki. Mkubwa akauliza, “Mama mdogo, tuchore nini?” Nikasema sijui. Akauliza tena, nikaendelea kuchambua mchele. Akakaa kama dakika kumi amenuna. Wa mwisho, miaka mitano, alikuwa ameshapata: palikuwa na utepe wa gundi uliobanduka ukaacha mchirizi wa kahawia, akauwekea magurudumu kumi na moja. Nikauliza ni gari gani. Akasema si gari, ni bibi anakwenda hospitali. Mkubwa alipoona hakuna anayesahihisha, akauchukua upande wa boksi wenye maandishi, akachora watu wanaofanya foleni kati ya herufi.

Ukitaka kujaribu nyumbani, usiwaonyeshe picha ya Castle wala ya Traylor kabla hawajamaliza. Waonyeshe baadaye, wakiwa wamechafuka, nao watazitazama kama za wenzao. Kwangua masizi ya sufuria iliyopoa, yachekeche kwa kitambaa, tone la uji wa unga wa ngano linayasaidia kushika. Na tandika gazeti chini: mikononi masizi hutoka kwa sabuni ya mche, kwenye ukuta wa chokaa hayatoki.