Panadol ya dukani kwako: Mambo matano yanayoamua kama itapatikana

Ukiumwa kichwa unaenda duka la dawa la mtaani, unanunua panadol, basi. Lakini kabla kidonge hicho hakijakufikia kimevuka mipaka kadhaa, na kwenye kila mpaka kuna mtu anayeweza kusema "subiri".

Iko hivi.

1. Malighafi ziko kwa wachache

Dawa nyingi tunazotumia Tanzania na Kenya zinatoka India. Lakini India nayo hununua China takriban theluthi mbili ya malighafi za dawa zake. Mapema 2020, viwanda vya China viliposimama kwa sababu ya corona, India ikaingiwa na hofu.

2. Kila nchi huanza na watu wake

Machi 3, 2020, India ilizuia dawa na malighafi 26 kuuzwa nje bila kibali. Paracetamol ilikuwemo. Mwezi huohuo Ujerumani ikazuia barakoa. Shirika la Biashara Duniani (WTO) lilihesabu nchi na maeneo 80 yaliyoweka vizuizi vya aina hiyo.

Je, inaruhusiwa? Ndiyo. Kanuni za WTO zinakubali zuio la muda kukiwa na upungufu mkubwa.

Mwaka 2021 ikawa zamu ya chanjo. Wimbi la corona lilipoikumba India, chanjo zilizokuwa zije Afrika kupitia mpango wa COVAX zikakwama kwa miezi. Kenya ikalazimika kuongeza muda wa kusubiri dozi ya pili.

3. Meli na dola

Dawa hulipiwa kwa dola. Shilingi ikishuka, bei inapanda hata kama kiwandani haijabadilika.

Njia nayo ina gharama zake. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi kutoka Ulaya zimekuwa zikizunguka kusini mwa Afrika. Hapo siku zinaongezeka, na nauli pia.

4. Vibali

Dawa haiuzwi Tanzania mpaka isajiliwe na TMDA. Kenya kuna bodi yake, Uganda ina mamlaka yake. Ukaguzi huu unatukinga na dawa feki, lakini kampuni ikiona soko ni dogo, inaweza isijisumbue kusajili. Ndiyo maana Umoja wa Afrika umeanzisha Wakala wa Dawa wa Afrika, ili nchi zishirikiane kwenye kazi hii.

5. Unanunua na nani

Anayeagiza kontena moja hana sauti mbele ya anayeagiza mia. Nchi za SADC zililiona hilo, zikaipa Bohari ya Dawa ya Tanzania (MSD) jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja.

Kwa hiyo tujenge viwanda vyetu?

Vinasaidia, na baadhi tunavyo tayari. Ila kiwanda cha Dar au Nairobi kinachoagiza malighafi nje bado kinategemea milango ileile. China ikifunga, nacho kinasimama. India, yenye viwanda vingi kuliko sisi, ilijifunza hilo 2020.

Ndiyo maana viwanda peke yake havitoshi. Nchi inahitaji pia akiba ya kutosha stoo, wauzaji wa zaidi ya nchi moja, na majirani wa kununua nao.

Na siku ukikuta bei ya dawa imepanda, usianze kumlaumu mwenye duka. Huenda naye anasubiri mlango ufunguliwe.