Kifua Kikuu: Adui Aendaye Polepole

Wazee husema, "Bandu bandu huisha gogo." Maneno haya yaufaa sana ugonjwa wa kifua kikuu, kwa maana haumwangushi mtu kwa siku moja kama kipindupindu, bali humla kidogo kidogo, naye huku akiendelea na kazi zake na kudhani kuwa hana neno.

Na atazamwe mgema mmoja wa Kaloleni, awe mfano wa watu wengi katika nchi ya Kilifi. Kila siku asubuhi na jioni hupanda minazi kugema tembo. Mwezi wa kwanza anakohoa, naye asema ni umande. Mwezi wa pili homa yamjia kila jioni. Na kwa kuwa pwani ni nchi ya malaria, anunua vidonge vya malaria dukani, wala homa haiondoki. Usiku shuka yake hulowa jasho, hata wakati wa baridi ya kusi. Chakula hakitaki. Mkanda wa suruali aliokuwa akiufunga tundu la pili sasa aufunga tundu la nne, na akifika nusu ya mnazi pumzi zamwishia. Jirani mmoja amwambia kuwa amerogwa. Mwingine amwambia kuwa ni ugonjwa wa ukoo, kwani baba yake mdogo naye alikufa akikohoa. Mwezi wa tatu aona damu katika makohozi, na hapo ndipo afungapo safari kwenda hospitali. Miezi mitatu imekwisha kupotea, na muda huo wote alilala chumba kimoja na mkewe na watoto wake.

VIJIDUDU VYENYEWE

Ugonjwa huu si uchawi wala haurithiwi katika damu. Tarehe 24 Machi, 1882, Daktari Robert Koch, Mjerumani, aliwatangazia wataalamu wenzake mjini Berlin kuwa amekiona kinachouleta: vijidudu vyenye umbo la vijiti, ambavyo 300 vikipangwa mstari mmoja urefu wake ni kama milimita moja tu.

Vijidudu hivi vina mambo mawili ya ajabu. La kwanza, vimevikwa ngozi yenye mafuta mfano wa nta. Mpimaji akivitia rangi nyekundu kisha akaviosha kwa asidi, vijidudu vingine huachia rangi, lakini hivi huishika, naye huvitambua kwa wekundu wake katika darubini. Ngozi hiyo hiyo huvikinga na dawa nyingi. La pili, ni vivivu. Viko vijidudu vya magonjwa mengine ambavyo kimoja huwa viwili kwa muda wa dakika 20. Hivi huhitaji muda wa saa 20 hivi. Ndiyo maana ugonjwa huja polepole, na ndiyo maana hauondoki upesi.

Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akipiga chafya au hata akiimba, hutoa matone madogo mno ambayo huelea hewani, na katika chumba kisicho na dirisha huweza kukaa kwa muda wa saa nyingi. Mwingine akiyavuta, vijidudu huingia mapafuni. Hapo chembe za damu zilizo kama askari wa mwili huvizunguka na kuvifunga kama wafungwa katika boma. Kwa watu walio wengi hufungwa humo maisha yote: katika watu 100 walioingiwa na vijidudu, wapatao kuugua maishani ni kama 5 hadi 10. Lakini askari wakidhoofika, kwa njaa, kwa kisukari, kwa ulevi, kwa tumbaku, na zaidi ya yote kwa virusi vya UKIMWI, wafungwa huvunja boma, pengine baada ya miaka mingi.

Basi jirani yule aliyesema habari za ukoo aliona jambo la kweli akalifahamu vibaya. Ugonjwa huonekana kuwa wa ukoo kwa sababu watu wa ukoo mmoja hulala nyumba moja na kuvuta hewa moja. Wala hauambukizwi kwa kushikana mikono, kwa kula sahani moja, wala kwa kunywa kwa mrija mmoja. Kumtengea mgonjwa kikombe chake ni kumwonea haya bure. Kumfungulia dirisha ndiko kunakofaa, maana upepo huyatawanya matone na jua huviua vijidudu.

Yafaa kujua pia kuwa ugonjwa hauishii mapafuni. Huweza kuvimbisha tezi za shingo, kuukunja uti wa mgongo hata mtu akapata kibyongo, au kuingia katika utando wa ubongo, jambo lililo la hatari sana kwa watoto wadogo. Mtoto mara nyingi hawezi kutoa makohozi ya kupimwa. Dalili yake pengine ni kwamba haongezeki uzito, hachezi na wenzake, na kikohozi hakimwishi. Chanjo ya BCG, ambayo hutolewa mtoto akisha kuzaliwa, humkinga na ugonjwa ule mkali wa ubongo, lakini haimkingi mtu mzima vya kutosha.

DAWA NA SUBIRA

Hospitalini mgema apimwa makohozi. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani limekubali mashine ambayo, kwa muda wa saa mbili tu, huonyesha kama vijidudu vimo na kama vimekuwa sugu kwa dawa iitwayo rifampisini. Kisha apewa dawa za namna nne kwa miezi miwili, na baadaye namna mbili kwa miezi minne. Katika hospitali za Serikali ya Kenya dawa hizi hutolewa bila malipo. Mkojo wake wageuka rangi ya machungwa. Hiyo ni kazi ya rifampisini, asiogope. Lakini macho yakiwa ya manjano, na arudi kwa daktari upesi.

Miezi miwili yapita. Homa imekwisha, mkanda umerudi tundu la pili, na minazi yamngoja. Mgema ajiambia, "Nimepona, ya nini vidonge?" Saa hiyo ina hatari kuliko siku ile ya damu. Vijidudu vilivyokuwa macho vimekufa, lakini vile vivivu vilivyolala vingali hai mapafuni. Akiacha dawa, vitaamka, na pengine vitaamka vikiwa sugu. Na dawa za ugonjwa sugu zina taabu zaidi kwa mgonjwa na gharama kubwa zaidi kwa Serikali. Tena atawaambukiza watoto wake ugonjwa huo huo uliokwisha kuwa sugu.

Miezi sita yaonekana mirefu, lakini zamani ilikuwa mirefu zaidi. Kabla ya streptomisini, iliyotangazwa mwaka wa 1944, hapakuwa na dawa ya kuviua vijidudu hivi mwilini. Hata dawa ya isoniazidi ilipopatikana mwaka wa 1952, wagonjwa walitibiwa kwa miezi 18 au zaidi, na wengi walichoka njiani. Mwaka wa 1972 zilichapishwa habari za majaribio yaliyofanywa na wataalamu wa Afrika Mashariki na wa Uingereza, yaliyoonyesha kuwa miezi sita yatosha, dawa zikichanganywa vema. Wagonjwa walioshiriki walikuwa watu wa Afrika Mashariki hii. Anayekunywa dawa leo kwa miezi sita anakula matunda ya subira yao.

Basi mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili, awe mkulima wa Ganze, mvuvi wa Malindi au karani ofisini, asingoje kuona damu, bali aende kupimwa. Na akionekana mgonjwa, awapeleke watu wa nyumbani mwake nao wapimwe. Akianza dawa, asiache hata siku moja mpaka daktari amwambie kuwa amemaliza. Ugonjwa humbandua mtu kidogo kidogo. Na kila kidonge cha asubuhi ni ubanduzi mmoja katika gogo la ugonjwa. Ashikaye shoka hata mwisho ndiye alimalizaye gogo.